Révérien, Hori la Mninga, na Kipimo Kilichookoka

Njooni, enyi watu wa Majengo mnaofunga maduka kabla jua halijachwa. Nanyi wa Kakese mliotoka shambani na tope magotini. Nanyi warina asali wa Ugalla ambao nyuki wamewazoea kama shemeji zao. Njooni, kaeni chini, simu wekeni mfukoni, maana leo nafumbua kinywa kusimulia habari ya ahadi na vita, ya machozi na mapovu, habari ambayo wajukuu wa wajukuu wenu watauliza kama ilikuwa kweli. Na mwenye kuisimulia ni mimi, mwanamke ambaye ulimi wake hauna mpinzani katika mkoa huu wa Katavi kwa kuonja pombe: toka Mpanda mjini mpaka ng'ambo ya mto, haijapikwa pombe nikaikataa.

Sasa nikiyasikia maneno hayo yakitoka, naona hiyo si sifa ya ulimi. Ni sifa ya koo. Basi, tuiache.

Hata hivyo ilikuwako pombe moja ambayo hata koo langu hili, koo lisilobagua, liliifungia mlango. Nayo ilikuwa pombe ya mume wangu.

Mume wangu ndiye Révérien mwana wa Dieudonne, Simba wa Migomba, Mfua Spoku, aliyetengeneza baiskeli za Kakese nzima mpaka magoti yake yakagoma kuchuchumaa. Magoti yalipogoma, akasema sasa atajishughulisha na pombe ya ndizi, si ya kuuza, ni ya kufurahisha roho. Nyie msiotoka upande wetu wa Burundi niwaambie: kwetu pombe ya mtama ni kazi ya mwanamke, na pombe ya ndizi ni kazi ya mwanaume, wala mwanamke haweki mguu wake penye kukamua. Ni sheria nzuri ajabu. Sijui aliyeitunga, ningemtafuta nimnunulie soda.

Na alikuwa na silaha ya kurithi. Marehemu mkwe wangu Dieudonne, alipopewa kipande chake cha ardhi katika nchi hii, kabla hajachonga kitanda, kabla hajachonga hata kigoda, aliangusha mninga mmoja akachonga hori la kukamulia ndizi, refu kama mtu aliyelala, jekundu ndani kama kaakaa. Mama mkwe alilala chini msimu mzima akilitazama hori hilo. Lakini mzee alisema, mtu mwenye hori ana majirani, na mtu mwenye kitanda ana usingizi tu. Révérien hulipapasa hori lile kila asubuhi akipita. Mimi hanipapasi kila asubuhi, lakini nami sikuchongwa kwa mninga.

Basi kwa hori hilo tukufu, Révérien alikuwa amepika aibu juu ya aibu. Pasaka alikamua ndizi zilizokuwa bado na hasira ya ubichi, akapata kitu tulichokula kwa kijiko. Krismasi alizisubiri ziive, ila hori aliliosha kwa sabuni ya unga, akasema usafi ni nusu ya kazi. Wageni walicheua mapovu mpaka machweo. Na mkwe wetu Manyanda, baba yake Abednego aliyemuoa binti yetu Emelyne, Manyanda Msukuma wa ng'ombe wengi na huruma kidogo, aliinuka na kata yake, akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba mbele ya watu wote. Mgomba ule mpaka leo haujatoa mkungu. Révérien aliuona. Aliingia ndani akalala na viatu.

Ndipo ikafika siku ya mwaka mpya.

Tulikuwa uani baada ya misa, pilau limekwisha, watu wanachokonoa meno. Révérien alikuwa amekesha na redio, na redioni alikuwako mtaalamu mmoja aliyefundisha taifa namna ya kuweka malengo. Sasa akaondoka kitini, akapanda juu ya hori lililofudikizwa, magoti yakilia kama bawaba, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kugawa bahari.

"Enyi watu wa nyumba yangu!" akanena. "Na wewe mkwe wangu Manyanda, na wewe mama Kabula mke wake! Mwaka umekufa, mwaka umezaliwa. Na mimi sitaingia katika mwaka huu kama mbuzi aingiavyo kwenye shamba la mtu, bila mpango! Naweka malengo!"

"Shuka kwanza, Baba Emelyne," nikamwambia, "uweke malengo ukiwa chini. Ukianguka, lengo la kwanza litakuwa plasta."

"Mwanamke, historia haiwekwi mtu akiwa amekaa!" akajibu, akaendelea. "Mwaka huu ndizi zitaiva hadi ziniombe zenyewe zikamuliwe. Mwaka huu hori litaoshwa kwa maji na nyasi, na sabuni haitalisogelea hata kwa salamu. Mwaka huu nikishafunika, nimefunika. Sitafunua na kuchungulia kila saa kama anayetafuta mdeni wake."

"Na kuimba je?" nikauliza. "Weka na lengo la kutoimba unapokamua. Nina kuku waliohama."

"Kuimba ni sehemu ya mapishi," akasema kwa heshima kubwa. "Ila mtaalamu wa redio ametamka kwamba lengo lisilopimika si lengo, ni hamu tu. Basi na langu lipimwe."

Abednego, kijana mwenye adabu, akauliza: "Sasa baba, pombe nzuri unaipima kwa nini? Kwa debe?"

Révérien akaunyoosha mkono wake, na kidole kikapita juu ya vichwa vyetu, kikapita juu ya sufuria, kikasimama kwenye kifua cha Manyanda.

"Kwa huyu," akasema.

Uwanja ukatulia. Hata bata walitulia, ingawa wao nadhani walikuwa wameshiba.

"Aliyeimwaga Krismasi ndiye mizani yangu," akasema Révérien, na sauti yake ikatetemeka kidogo mahali ambapo hakutaka itetemeke. "Siku Manyanda atakapokunywa pombe yangu, akaimeza, akaitaka tena bila kubembelezwa na mtu, siku hiyo nitajua kwamba sikulirithi hori la baba yangu kwa makosa."

Hapo akainuka Manyanda. Ni mrefu, na huinuka taratibu, kipande kwa kipande, kama anayefikiri kama kuna haja.

"Mkwe wangu," akasema, "maneno yako mazuri. Ila umechelewa. Na mimi nimeweka lengo, kanisani kwetu, kwenye mkesha, mbele ya mchungaji. Mwaka huu pombe haipiti hapa." Akagusa koo.

"Ameahidi kweli," akasema Kabula, uso uking'aa kama sahani mpya. "Na mimi ndiye mlinzi wa ahadi. Namnusa kila akirudi."

Jamani! Révérien akashuka kutoka juu ya hori kama aliyepigwa na mshale, akajishika kichwa. "Kipimo changu kimeokoka!" akalia. "Mwaka haujamaliza hata siku, na kipimo changu kimeokoka!"

"Sasa," akasema Manyanda, na hapo nikaona jicho lake likiteleza kwenye hori, likalipima urefu, likalipima kina, "kwa kuwa pombe yenyewe haina mnywaji, hori hili linakaa bure. Mimi nina ndama, hawana pa kulambia chumvi. Nimelipenda tangu harusi ya watoto. Tuseme hivi, mkwe. Ukinishinda, nikainywa na kuitaka tena kabla ya Kwaresima, ng'ombe wangu mmoja ni wako. Ukishindwa, hori nalipakia."

Mimi nilinyoosha mkono nimfinye mume wangu. Nilichelewa. Alikuwa amekwisha simama.

"Nimekubali!" akanguruma. Kisha akalitazama hori, nikaona ameyasikia maneno yake mwenyewe baada ya sisi wote kuyasikia.

*

Sasa niimbe nini kwanza? Niimbe shimo alilochimba Révérien la kuvundikia ndizi, akalitandika majani ya mgomba kama kitanda cha mzazi? Au niimbe mvua ile ya Februari iliyokuja na majeshi yake yote kutoka upande wa Ugalla, ikataka kuzizamisha ndizi zile hata kabla hazijapata rangi, na jinsi shujaa wetu alivyolala kifudifudi juu ya turubai ili upepo usilibebe, akiutukana upepo kwa Kirundi, Kiswahili, na maneno machache ya Kisukuma ambayo Abednego alikataa kunitafsiria?

Nitaimba nyuki.

Maana ndizi ziliiva, enyi wasikilizaji, ziliiva mpaka zikawa na madoa kama chui, na siku ya kukamua ikafika na jua lake. Révérien alilisugua hori kwa maji na nyasi kama anayeogesha mtoto wa mfalme. Akamenya. Akaweka nyasi kavu juu ya ndizi, akaingiza mikono hadi viwiko, akaanza kukanda na kukamua, na maji ya ndizi yakatoka mazito, ya dhahabu, yakishuka pembeni mwa hori kwa aibu kidogo. Naye akaimba. Kuku wakaondoka kwa mstari.

Kisha ikasikika sauti. Mwanzo kama pikipiki ya mbali barabara ya Majengo, kisha kama pikipiki nyingi, kisha wakaingia, giza moja lenye mabawa, jeshi zima la nyuki wenye kiu, wakashuka juu ya hori la Dieudonne pasipo hodi. Mimi nilikuwa kibarazani na chai yangu, upande wa sheria.

"Mke wangu! Nguo!" akapiga kelele.

Nikamrushia kitenge. Ndipo nilipokiangalia hewani nikajua ni kile cha Jumapili chenye tausi, lakini kilikuwa kimekwisha kwenda vitani. Akajifunika kichwa, akabaki na pua tu nje, akasimama katikati ya maadui, akawahutubia:

"Enyi wana wa misitu! Mimi na nyie hatuna ugomvi! Maua yapo Ugalla yote, yapo mpaka mbugani, kwa nini mwanijia mimi mwenye ndama wa watu wakinisubiri? Ondokeni kwa amani, na kila mmoja wenu atapewa—"

Hatukujua angewapa nini. Nyuki mmoja alijibu hoja, akaijibu puani.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi ningekimbia, nilikuwa nimekwisha simama. Lakini Révérien alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Hakurusha mikono, hakuwasha moto. Alichukua maganda yenye utamu, akayachovya kwenye maji ya ndizi, akatembea polepole na pua yake inayokua, akayapanga mbali kabisa, chini ya mpapai. Akarudi, akachukua mengine. Na nyuki, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakaona kule kuna sherehe bila mwimbaji. Wakahama. Akakamua mpaka tone la mwisho, akatia maji kwa kipimo, akanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Kisha akakaa chini na uso ambao hata mama yake angeuliza ni wa nani.

"Utachungulia?" nikamuuliza kesho yake, nikimkuta amesimama karibu.

"Nalinda tu."

"Ulinzi gani wa kunusa?"

Hakuchungulia. Nami niliyeishi naye tangu tungali na meno yote, nasema huo ndio ulikuwa ushujaa wenyewe, kuliko hata nyuki.

*

Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, jua lilitoka kali, mvua imepumzika. Pombe ilikuwa imehamishiwa kwenye mitungi miwili, mmoja uani kwa wageni, mwingine nyuma ya jiko kwa akiba. Wakaja majirani. Akaja Mzee Onesphore wa nyumba ya pili, ambaye ni mkweli kiasi kwamba hualikwa mara chache. Na wakaja Manyanda na Kabula kwa mkokoteni wa ng'ombe, mkokoteni mtupu, na kamba mpya imekunjwa juu yake. Révérien aliiona kamba ile.

Kwa desturi yetu mwenye pombe hunywa kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane hakuna ubaya ndani. Révérien akafunua, akachota, akanywa. Akafumba macho. Akayafumbua, akanitazama mimi.

Nikanywa. Jamani. Ilikuwa tamu mbele, kali nyuma, na katikati kulikuwa na kitu kama wimbo ambao umeusahau jina. Nikanywa tena ili niwe na uhakika, na tena kwa sababu ya uhakika. Mzee Onesphore alikunywa, akasogeza kiti chake karibu na mtungi bila kuomba ruhusa. Watu wakaanza kupiga kelele za furaha. Lakini Révérien hakuwa na furaha, alikuwa anamtazama Manyanda aliyekaa na chupa ya soda, mgongo umenyooka kama nguzo ya kanisa.

Chakula kikaja, watu wakala, Manyanda akasema anaenda kuwaangalia ng'ombe. Akakawia. Nilipopita nyuma ya jiko baadaye, mtungi wa akiba ulikuwa umepungua. Nilidhani ni mimi.

Jua lilipoanza kulala, Manyanda akainuka, kipande kwa kipande. "Mkwe," akasema, "Kwaresima imefika. Sijanywa. Hori ni langu."

"Kipimo kikikataa kupima," nikasema, "kosa ni la aliyepimwa?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Kabula, ambaye ni mwanamke wa haki, akamgeukia mumewe. "Baba Abednego, onja. Tone moja tu, kwa ajili ya ushahidi. Mungu anaona ni kazi, si starehe."

Basi ikaletwa kata. Manyanda akaipokea kwa vidole viwili, akaipeleka mdomoni, na uso wake, enyi wasikilizaji, ukakunjamana kama goti la tembo. Akageuka pembeni akatema, ptu!

"Imechacha," akasema. "Afadhali ile ya Krismasi."

Mzee Onesphore aliitazama kata yake kana kwamba imemdanganya.

Révérien hakubisha. Ni mtu wa neno lake, hiyo ndiyo hasara ya kuolewa naye. Alilishika hori upande mmoja, Abednego upande wa pili, wakalibeba hadi kwenye mkokoteni. Pale mume wangu akaweka kiganja juu ya mbao ile nyekundu, akanena nayo:

"Ewe hori la baba yangu, uliyetangulia kitanda! Ulikusanya majirani tulipokuwa wageni, na leo unaenda kulambwa na ndama. Nisamehe. Malengo yote niliyafikia, isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa na miguu na sharubu."

Nilijifuta macho kwa kitenge cha tausi. Moshi, unajua. Ingawa jiko lilikuwa limezimika.

"Baba," akasema Abednego kutoka kwenye mkokoteni, "hapa pana kidumu kimechukua nafasi. Nikiweke wapi?"

"Kiache!" akasema Manyanda kwa haraka ambayo miguu yake haijawahi kuwa nayo. "Ni maziwa. Nampelekea shangazi yako Ng'washi, tumbo linamsumbua."

"Mbona kimevimba hivi?"

"Ni maziwa mazito. Kifuniko nimekikaza vizuri, usikiguse!"

Abednego hakukigusa, kijana mwenye adabu. Hakukuwa na haja. Maana mfugaji hukaza kifuniko cha maziwa na akawa salama, lakini pombe ya ndizi bado inapumua, na ukiifunga pumzi kisha ukaianika juani, itajisemea yenyewe. Ikasema. PAA! kama bunduki ya askari wa mbuga. Kifuniko kikaruka juu ya paa la jiko, na nyuma yake likapanda povu, povu jeupe, refu, tukufu, likasimama angani kama bendera, likainama, likamshukia Kabula kichwani na gauni lake lote la kanisani, likamrukia na Manyanda sharubuni. Na harufu ya ndizi ikaijaza Kakese.

Révérien akapiga magoti, magoti yaleyale, bila kusikia maumivu. "Amechota!" akalia. "Bila kubembelezwa! Amechota ya kupeleka nyumbani!"

Watu wakalishusha hori kwa shangwe, wakalibeba begani wakalizungusha ua mzima, na Mzee Onesphore akatangaza kwamba tangu Mpanda iwe Mpanda hakuna lengo la mwaka mpya lililofikiwa mbele ya mashahidi wengi namna hii. Basi na ikumbukwe hivyo, kuanzia Majengo hadi mtoni, na mwalimu anayefundisha historia ajue pa kunipata. Mke wa mshindi akapewa kata ya kwanza. Akaipokea kwa unyenyekevu, akaomba na ya pili.

Kabula peke yake hakushangilia. Alijifuta shavu kwa kidole, akakiweka kidole mdomoni, akafikiri, akakirudisha shavuni, akakiweka tena mdomoni.

"Baba Abednego," akasema taratibu. "Tulipotoka nyumbani mkokoteni ulikuwa na kamba tu. Hayo maziwa umeyatoa wapi?"

"Nimekamua," akasema Manyanda, povu likimdondoka kwenye sharubu. "Pale nyuma ya jiko, mlipokuwa mnakula."

"Umemkamua nani?"

Manyanda akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha kwa kidevu akamwonesha ng'ombe mwekundu aliyefungwa kwenye mkokoteni.

"Huyo," akasema Kabula, "ni maksai."